Pikipiki ya Mzee wa Kahawa

Nilipoiona mara ya kwanza, kuku alikuwa ameifanya kiota. Ilikuwa ndani ya ghala la mama mmoja juu ya mji wa Kapchorwa, nyuma ya magunia ya mahindi, usukani umefungwa kamba ya katani, na juu ya tangi kumetandikwa gunia ambapo kuku alikuwa ameatamia mayai yake. Mimi ni wakala wa forodha pale Malaba. Siku hiyo nilikuwa nimepanda mlima kufuatilia karatasi za mzigo wa kahawa wa mteja, sikuwa na habari na pikipiki ya mtu. Kilichonisimamisha ni bomba la moshi. Halikupita chini kama la boda, lilipita juu, ubavuni, karibu na goti la dereva. Nikainama. Chini ya injini palikuwa na bamba la chuma la kukinga mawe. Nikafuta vumbi kwa kidole gumba, zikatokea herufi tatu: BSA.

Marehemu baba yangu alikuwa mtu wa reli, Tororo, enzi ile reli ilikuwa moja kwa Kenya, Uganda na Tanganyika. Nimekua nikisikia majina ya mashine za Kiingereza kama watoto wengine wanavyosikia majina ya wachezaji mpira. Kwa hiyo nilijua BSA ni Birmingham Small Arms, kiwanda kilichoanza na bunduki kikaja kuwa cha pikipiki. Nilijua pia kwamba ndogo yao, Bantam, ilitoka mwaka 1948 ikiwa na injini ya cc 123, na kwamba michoro yake haikuwa ya Mwingereza. Ilikuwa ya DKW ya Ujerumani, modeli ya RT 125, iliyochukuliwa kama fidia baada ya vita. Injini ikapanuliwa hadi 150, kisha 175, na Bantam ya mwisho ikatengenezwa mwaka 1971. Hii iliyokuwa mbele yangu ilikuwa ya aina niliyoijua kwa picha tu, Bushman, Bantam ya porini, iliyoundwa hasa kwa ajili ya kuuzwa ng'ambo kwa watu wenye mashamba na barabara mbaya. Kwenye namba ya injini nilisoma D10, yaani ya kati ya miaka ya 1960 kwenda mwisho wake.

"Ya marehemu mzee," mama akasema. "Alikuwa afisa wa kahawa. Alipanda nayo mpaka kwenye vijiji vya juu kabisa, msituni, kukagua wanavyoanika."

Nikamuuliza iliacha lini kutembea. Akasema mwaka mmoja kabla ya vita vya 1979. Mzee alishuka nayo kwenda Soroti, ikarudi juu ya lori. Hiyo ilikuwa miaka ya magendo, kahawa ya mlima ule ikivushwa usiku kwenda Chepkube upande wa Kenya, na dukani hupati sabuni, sembuse ringi za pistoni. Mzee akaifunga kamba akisema atairudia. Hakuirudia.

Nilirudi mara tatu kabla ya kuzungumzia bei, na sijutii hata safari moja. Mali ya marehemu si kitu cha kununua mlangoni. Mama aliwaita wanawe wawili wa kiume, tukakaa, tukanywa chai, mmoja akauliza maswali mengi na alikuwa na haki ya kuuliza. Mara ya tatu tukaandikiana mbele ya mwenyekiti wa LC1, yaani wa baraza la kijiji, kila mtoto akatia sahihi. Mama akaingia chumbani, akatoka na logibuku iliyofungwa ndani ya kitambaa cha kanga. Nawaambia wanaotafuta vyombo vya zamani: uliza karatasi kabla hujauliza kama injini inazunguka. Injini iliyokwama inatengenezeka. Nililipa laki tisa za Uganda, na kuku akahamishiwa kwenye kikapu pamoja na mayai yake kwanza, ndipo tukainua pikipiki.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la usafi. Nilifika nayo Tororo jioni, na asubuhi yake nilikuwa nimeshaiosha. Nilichukua petroli na brashi, nikasugua injini mpaka ikang'aa. Nikaifungua kabureta ya Amal, nikaitia kwenye beseni, nikaitoa kama mpya. Plagi ya zamani nikaitupa. Kisha, kwa furaha, nikamwita mzee aliyefanya kazi karakana moja na baba yangu, aje aone.

Alikuja na mkoba wake wa spana. Akaitazama kimya kwa muda. Akauliza, "Plagi iko wapi?"

"Nimetupa, Mzee. Ilikuwa imechakaa."

"Umemwosha maiti kabla daktari hajamtazama," akasema. Hakucheka, nami sikucheka. Akanieleza kwamba rangi ya plagi, masizi ya kwenye bomba, uchafu ulioganda chini ya kabureta, vyote hivyo ni maelezo ya mashine kuhusu siku yake ya mwisho, na nilikuwa nimeyamwaga kwenye mtaro. Kilichobaki ni ndani ya silinda, kwa sababu huko bado sikuwa nimefika.

Spana zake zilikuwa za reli, zimechongwa herufi W, yaani Whitworth, kipimo cha Kiingereza cha zamani. Hapa niseme jambo kwa mtu atakayegusa chombo cha Kiingereza cha miaka hiyo: spana ya milimita iache nyumbani. Itaingia, itashika kidogo, kisha italamba pembe za nati na utabaki na kitu cha mviringo. Nyuzi za bolti nazo ni za kwao. Nyingi kwenye pikipiki hizi zina nyuzi 26 kwa inchi, na ukilazimisha bolti ya Boxer ya boda itaingia mizunguko miwili kisha itang'oa nyuzi za alumini. Spana za namna ile bado zipo Uganda. Zimo kwenye masanduku ya wazee wa reli, wa viwanda vya sukari, na wa wale waliozitengeneza Land Rover za mwanzo. Ziulize kwa heshima.

Tulitia mafuta mepesi silindani, tukasubiri siku nne, tukaigonga kwa ubao. Ikatoka. Mzee akaibeba pistoni mpaka mlangoni penye mwanga, akanipa niishike.

Naikumbuka kama nimeishika sasa. Ubavu unaotazama tundu la moshi ulikuwa na mikwaruzo ya wima, mirefu, kama paka amepanda ukuta. Ringi mbili zilikuwa zimemezwa na alumini iliyoyeyuka ikapakwa juu yake. Ukuta wa silinda nao ulikuwa na mistari ya alumini upande uleule. Lakini alichotaka nikione ni kichwa cha pistoni. Injini ya petroli ya kuchanganya na oili hujenga masizi, unategemea weusi, au kahawia. Hiki kilikuwa cheupe, kijivu cheupe, kama jivu la mkaa uliokwisha.

"Hii iliungua kwa njaa," Mzee akasema. "Hewa nyingi, mafuta haba. Moto wake unakuwa mkali kupita kiasi. Na kwa hizi za kuchanganya, mafuta yakipungua na oili imepungua, maana vinapita njia moja. Sasa tafuta njaa ilitoka wapi."

Nilidhani nimeitafuta. Sababu ya kawaida ni sili za shafti. Injini hizi hupumua kwa tumbo lake: pistoni ikipanda, mchanganyiko unavutwa ndani ya kreki, ikishuka unasukumwa juu. Tumbo likivuja, inavuta hewa isiyopitia kabureta. Sili zilikuwa zimekauka kama ngozi ya ngoma. Nikasema mchawi ndiye huyu, nikafunga kesi. Sikujiuliza kama zilikauka kabla ya safari ya Soroti au katika miaka yote ya kukaa ghalani.

Spea za injini niliziagiza Uingereza, ambako Bantam bado zinapendwa na vipuri vinatengenezwa mpaka leo. Pistoni, ringi, sili, pointi, kondensa na pakiti ya kufufua kabureta. Beringi nilizipata Kampala kwa kusoma namba na kupima, kwa sababu ni za milimita. Tairi za inchi 19 zilitoka Nairobi kwa basi. Kwenye pakiti ya kabureta kulikuwa na jeti kubwa mpya, kile kipande cha shaba chenye tundu linalopima petroli inayoingia injini, ya namba ileile iliyoandikwa kwenye kitabu cha mtambo. Nilipoilinganisha na ya zamani nikaona ya zamani ina namba ndogo. Nikaona huruma. Nikasema mzee wa watu, wakati ule wa uhaba, alikosa ya kweli akatia aliyoipata. Nikafunga mpya. Ya zamani nikaitupia kwenye chupa ya jemu pamoja na washa na springi zisizo na kazi.

Sehemu iliyoniuma zaidi ni silinda, na ilikuwa haraka yangu. Pistoni ilikuwa bado njiani, mimi nikaipeleka silinda kwenye gereji fulani, sitaitaja, nikawaambia waipanue kwa sehemu arobaini za elfu moja za inchi, kwa sababu ndiyo saizi niliyoagiza. Milimita moja hivi. Waliipanua kwa siku moja. Pistoni ilipofika ikaingia kwa kusukumwa. Nikawarudia, wakasema ikibana ndiyo vizuri, italegea yenyewe barabarani. Moyoni nilijua si kweli. Nikakubali kwa sababu nilitaka kuisikia ikiwaka.

Na iliwaka. Kiki ya tano. Ile sauti kavu ya Bantam ilitoka, moshi wa buluu ukajaa ua, majirani wakaja. Siku ya pili nikaelekea nayo Malaba, polepole. Nilikuwa nimefika karibu nusu ya njia niliposikia injini ikibadilika, sauti ikawa nyembamba, kama mtu anayeishiwa pumzi. Ukisikia hivyo, vuta klachi kabla hujafikiri. Mimi nilifikiri kwanza. Tairi la nyuma likafunga, pikipiki ikateleza kama mita kumi kwenye lami, na lori la kontena nyuma yangu likapiga honi ndefu. Sikuanguka. Nilikaa kando ya barabara mpaka mikono ilipoacha kutetemeka, kisha nikaisukuma kurudi nyumbani.

Mkereza vyuma aliyeinusuru yuko Jinja, mtu wa makamo, ana mashine zilizomtangulia kuzaliwa. Aliichukua silinda akaipima kwa maikromita juu, kati na chini, na kila mahali akaipima mara mbili, kwa marefu na kwa mapana. Akaandika namba sita kwenye kipande cha boksi, akanionyesha. Hakuna mbili zilizofanana. Silinda ilikuwa na umbo la yai. "Usimletee fundi namba," akaniambia. "Niletee kiatu na mguu pamoja." Nikaagiza pistoni nyingine, kubwa zaidi, nikaipeleka mwenyewe mkononi, akapanua silinda akiifuata hiyo. Ilimchukua siku mbili, na siku ya pili nilikaa kwenye benchi lake nikimtazama akiingiza pistoni iliyopakwa oili, akaiachia, ikashuka yenyewe taratibu kama ndoo kisimani.

Mambo mengine yalikwenda kwa kawaida yake. Nyaya nilizibadilisha zote, umeme ni volti 6 na taa zake ni hafifu, usiku sitoki nayo. Petroli naichanganya kipimo kimoja cha oili kwa 24 kama kitabu kinavyosema. Vijana wa boda wananishangaa pampuni, lakini mafundi waliozoea injini za kuchanganya wanajua nafanya nini. Gia yake iko mguu wa kulia na breki mguu wa kushoto, kinyume na pikipiki zote za sasa, kwa hiyo sikubali mtu aijaribu hata awe ndugu. Wiki ya kwanza nilizunguka uwanja wa mpira mpaka miguu ikazoea.

Tangi nilitaka kulirudisha rangi yake ya kiwandani, ile ya chungwa. Mzee wa Kapchorwa alikuwa amelipaka kijani kwa brashi, na michirizi ya brashi unaiona mpaka leo. Nilishanunua rangi. Lakini baada ya maneno ya plagi nilikuwa nimeanza kuogopa kufuta vitu, nikaahirisha.

Mwezi wa kumi na mbili, mvua zilipokatika, nikasema naipeleka kwa mama aione. Tororo mpaka Mbale ilikwenda kama wimbo. Sironko, Muyembe, sawa. Barabara ilipoanza kupanda kwenda Sipi ikaanza kukohoa. Ilikuwa inashika moto mara moja, inaruka mara moja. Nikiongeza gesi ndiyo inazidi kuwa nzito. Nyuma yangu moshi mweusi. Nilisimama karibu na maporomoko ya Sipi, nikatoa plagi, ikawa imelowa masizi meusi matepetepe. Safari hii sikuifuta. Niliishika nikaitazama muda mrefu, maji yakinguruma upande ule wa bonde. Hii haikuwa njaa. Hii ilikuwa shibe.

Nilifika Kapchorwa kwa gia ya pili. Mama alikuwa ametoka nje kabla sijafika kwenye ua, amesimama na mkono mmoja kwenye nguzo. Nilipozima akasema, "Karibu mwanangu. Mbona inakohoa? Ya mzee ilikuwa haikohoi."

Nikamwambia sijui, mama, huko chini ilikuwa nzima.

"Umeibadilisha kile kitu chake?"

"Kitu gani, mama?"

Akaniambia kwamba mzee kila alipotaka kushuka safari ndefu alikaa pale kwenye ngazi, akafungua chini ya mashine na bisibisi, akatoa kitu kidogo cha shaba, akaweka kingine. Akirudi anafanya vilevile. Alivihifadhi kwenye kopo dogo la dawa na watoto walikatazwa kuligusa. Kisha akanyamaza kidogo. "Siku ile ya Soroti hakukaa. Walikuja kumwambia kaka yake yuko hospitali, hali mbaya. Alitia petroli akaondoka."

Nilibaki pale ua mzima ukiniangalia. Kapchorwa iko zaidi ya mita 600 juu ya Tororo, na vijiji alivyokuwa akivizungukia viko juu zaidi. Kule hewa ni nyepesi, injini inapata hewa kidogo, kwa hiyo inataka mafuta kidogo, jeti ya namba ndogo. Ukishuka nayo hivyo hivyo kwenye hewa nzito ya tambarare, ukafungua gesi yote kwenye lami ya kilomita mia moja kati ya Mbale na Soroti, jeti kubwa ndiyo inayotawala mafuta kwa mwendo huo, na haitoshi. Pistoni inakuwa nyeupe. Yale niliyosema ni uhaba wa miaka ya magendo yalikuwa kipimo cha mtu aliyeujua mlima wake na mashine yake kuliko kitabu cha Birmingham. Mwaka mzima nilikuwa na jibu la swali la Mzee wa reli ndani ya chupa ya jemu.

Nikamweleza mama yote hayo, kwa sababu niliona anastahili kujua kilichovunjika siku ile ni nini. Akauliza, "Kwa hiyo haikuwa mbovu?" Nikamwambia haikuwa mbovu, mama. Akauliza kama mzee alifika Soroti kwa wakati, kisha akajijibu mwenyewe kwamba alifika, kwa lori, usiku, na alimkuta kaka yake hai.

Rangi ya chungwa niliyonunua nimempa fundi wa mageti. Tangi limebaki kijani na michirizi yake.

Sasa ninapanda mara tatu au nne kwa mwaka. Jeti zote mbili ziko kwenye kopo la dawa ya kikohozi, ndani ya pamba, pamoja na bisibisi fupi. Ninasimama Muyembe, kwenye kibanda cha mama anayekaanga chapati, kabla barabara haijainuka. Nafunga petroli, nafungua chini ya kabureta juu ya kitambaa cheupe ili kitu kisipotelee kwenye mchanga, natoa ile ya kitabu na kutia ya mzee. Mara za kwanza yule mama aliniuliza kama nimeharibikiwa. Siku hizi akisikia sauti inakuja anatoa kigoda nje.